Hisabati chuo kikuu: Mwanafunzi aliye hatarini kuanguka hutambuliwaje?

Mwanafunzi anayeanguka hisabati katika chuo kikuu cha Marekani mara nyingi hugunduliwa mtihani wa mwisho ukiwa umekwisha kusahihishwa. Hata hivyo, dalili za kuanguka kwake huwa zimekwisha kuonekana katika wiki mbili au tatu za mwanzo wa muhula, na pengine kabla hajakanyaga chuoni. Hilo ndilo funzo linalotokana na uzoefu wa vyuo katika miji mitatu yenye Waafrika Mashariki wengi: Louisville katika jimbo la Kentucky, Columbus katika jimbo la Ohio, na Buffalo katika jimbo la New York.

Columbus ina mojawapo ya jumuiya kubwa kabisa za Wasomali nchini Marekani. Louisville na Buffalo zimepokea maelfu ya wakimbizi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia, wengi wao wakiwa wazungumzaji wa Kiswahili waliopitia kambi za Kenya na Tanzania. Watoto wa familia hizo sasa wanaingia vyuoni, pamoja na wanafunzi wanaotoka moja kwa moja Nairobi, Dar es Salaam au Kampala. Takriban wote hukutana na mlango mmoja. Anayetaka uhandisi hana budi kupita kalkulasi, yaani tawi la hisabati linaloshughulikia viwango vya mabadiliko. Anayetaka uuguzi au biashara atadaiwa takwimu au aljebra. Mlango huo ukifungwa katika mwaka wa kwanza, mara nyingi taaluma nzima hubadilika.

Maana ya kuanguka

Vyuo vya Marekani huhesabu pamoja makundi matatu ya wanafunzi: waliopata alama D, waliopata F, na waliojiondoa katika somo kabla ya mwisho wa muhula, ambao cheti chao huandikwa W. D huhesabiwa kwa sababu katika vyuo vingi hairuhusu kuendelea na somo la hisabati linalofuata. W huhesabiwa kwa sababu ada imekwisha kulipwa na muda umekwisha kupotea. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuwa "hajafeli" machoni pa nduguze, na bado chuo kikamweka katika orodha ya wasiofanikiwa.

Columbus: kupima kabla ya kufika

Mwishoni mwa miaka ya 1970, walimu wawili wa hisabati wa Ohio State University, Bert Waits na Franklin Demana, waliona kwamba wanafunzi wengi mno waliwasili chuoni wakiwa wamesahau aljebra. Sababu haikuwa ngumu kuijua. Wengi waliacha kusoma hisabati katika mwaka wa mwisho wa sekondari, kwa kuwa walikwisha kutimiza masharti ya kuhitimu.

Walimu hao hawakungoja mwanafunzi afike ndipo apimwe. Walipeleka mtihani wa majaribio katika shule za sekondari za Ohio, ukafanywa na wanafunzi waliobakiza mwaka mmoja. Jibu lilimwambia kila mmoja jambo moja tu: ukiacha hisabati leo, chuo kitakupanga katika darasa hili. Aliyeona kwamba angepangwa katika darasa la kurudia mambo ya sekondari alikuwa bado na mwaka mzima wa kujirekebisha. Mpango huo ulienea Ohio, na majimbo mengine, Kentucky ikiwamo, yakaanzisha ya namna hiyo.

Hadi leo mwanafunzi mpya wa Ohio State hupangiwa darasa la hisabati kwa herufi. Herufi L humruhusu kuingia kalkulasi moja kwa moja, na zilizo chini yake humwelekeza katika madarasa ya matayarisho. University at Buffalo nayo hutumia programu ya kompyuta iitwayo ALEKS, ambayo huchagua swali linalofuata kwa kuangalia jibu lililotangulia.

Hapa pana onyo kwa wazazi na ndugu. Mitihani ya kupangiwa darasa mara nyingi hufanywa nyumbani. Kaka mkubwa anayekaa pembeni kusaidia, au mwanafunzi anayeliuliza swali katika programu ya akili bandia, hudhani kwamba ameokoa muhula. Anachofanya ni kumpeleka mtu katika darasa lililo juu ya uwezo wake, na hivyo kukifumba jicho la kwanza ambalo chuo kingemwonea hatari.

Louisville: alama husema nusu ya habari

Mwaka 2009 bunge la Kentucky lilipitisha sheria iliyotaka shule na vyuo vikubaliane kuhusu maana ya kuwa tayari kwa masomo ya juu. Kutokana nayo viliwekwa viwango vya alama za mtihani wa ACT, ambao alama yake ya juu ni 36: kwa hisabati ya kawaida 19, kwa aljebra ya chuo 22, na kwa kalkulasi 27. Kipimo hiki ni rahisi kukitumia, lakini je, kinatosha?

Swali hilo lilichunguzwa katika University of Louisville, ambako wanafunzi wa uhandisi hufundishwa hisabati na kitivo chao wenyewe. Somo la kwanza lina msingi wa kalkulasi, na wengi walikuwa wakilihama baada ya wiki mbili tu na kuingia darasa la matayarisho. Watafiti Jeffrey Hieb, Keith Lyle, Patricia Ralston na Julia Chariker walifuatilia walioingia mwaka 2012, wakachapisha matokeo yao mwaka 2015.

Waligundua mambo matatu. Kwanza, jaribio fupi la aljebra lililofanywa kabla ya masomo lilieleza kitu ambacho ACT haikukieleza: liliongeza asilimia 5.1 katika uwezo wa kubashiri tofauti za alama. Anayeanguka kalkulasi, kwa maneno mengine, mara nyingi huwa ameangushwa na aljebra iliyo chini yake. Pili, tabia tatu zilibashiri matokeo: namna mwanafunzi anavyopanga muda na mahali pake pa kusomea, kama anasoma kwa hamu ya kuelewa, na kiasi cha hofu anayokuwa nayo mbele ya mtihani. Tatu, hata vitu vyote vilipojumlishwa, yaani ACT, jaribio la aljebra, mafunzo ya kiangazi na tabia hizo, vilieleza asilimia 42 tu ya tofauti zilizokuwapo baina ya wanafunzi.

Takwimu hiyo ya mwisho inafaa kukumbukwa na kila aliyeambiwa kwamba "alama zako zinaonyesha hutaweza". Zaidi ya nusu ya kinachoamua matokeo kilikuwa nje ya vipimo vyote hivyo.

Utafiti huo ulikuwa na habari nyingine isiyopendeza. Wanafunzi waliotambuliwa kuwa hatarini waliitwa katika mafunzo ya kiangazi, na alama zao za aljebra zikapanda waziwazi. Lakini muhula ulipoanza, alama zao za mitihani zilibaki chini ya za wenzao. Wiki chache za kiangazi hazikufuta upungufu wa miaka, na msaada unaokoma siku ya kwanza ya masomo humwacha mtu njiani.

Kazi ya usiku

Upangaji wa muda si suala la nidhamu peke yake. Louisville ndiko kuliko kituo kikuu cha ndege za mizigo cha kampuni ya UPS, na tangu mwaka 1998 mpango uitwao Metropolitan College umewalipia ada wafanyakazi wa zamu ya usiku wanaosoma katika chuo kikuu na katika chuo cha jamii mjini humo. Vijana wengi wasio na uwezo wamesoma kwa njia hiyo bila deni. Hata hivyo, anayepanga vifurushi usiku kucha kisha akajiandikisha kalkulasi ya asubuhi amejiweka katika hatari ambayo hakuna mtihani wa kupangia darasa utakaoiona. Mshauri wa masomo hawezi kuijua ila akiambiwa. Mara nyingi dawa ni ndogo tu: kuchagua darasa la alasiri, au kutochukua hisabati na kemia katika muhula mmoja.

Buffalo: mtu, si namba

Buffalo ilianza upande mwingine. Mwaka 1967, kwa juhudi za mbunge wa mji huo katika bunge la jimbo, Arthur O. Eve, chuo cha serikali cha Buffalo kilipokea wanafunzi 249 ambao kwa vigezo vya kawaida wasingekubaliwa. Mpango huo ulikua na kuwa Educational Opportunity Program, unaojulikana kwa herufi EOP, na ukaenea katika vyuo vya serikali vya jimbo la New York. Ule wa University at Buffalo umepewa jina la Eve.

EOP haingojei mwanafunzi aanze kuyumba. Humhesabu kuwa yumo hatarini tangu siku ya kwanza, kwa sababu ya umaskini wa familia na upungufu wa shule alizosoma, kisha humwekea mshauri wake maalumu, mafunzo ya kabla ya mwaka wa kwanza, walimu wa ziada na msaada wa fedha. Mshauri huyo hubaki naye muhula baada ya muhula. Huo ndio upungufu ulioonekana katika mafunzo ya kiangazi ya Louisville. Anayetaka kuingia EOP sharti awe mkaazi wa jimbo la New York, familia yake iwe na kipato kisichozidi kiwango kilichowekwa, na aombe pamoja na maombi ya kujiunga na chuo. Akishakubaliwa kwa njia ya kawaida, nafasi hiyo kwa kawaida huwa imempita.

Kompyuta inayotoa onyo

Tangu katikati ya miaka ya 2000 vyuo vimekuwa vikikabidhi kazi ya kutambua hatari kwa kompyuta. Purdue University ya Indiana ilianza mwaka 2007 kuwaonyesha wanafunzi taa za kijani, manjano na nyekundu kwa kuangalia alama zao na mara walizofungua ukurasa wa somo. Chuo kilitangaza mafanikio makubwa. Mwaka 2013 wachambuzi wakaonyesha kwamba huenda hesabu iligeuzwa kichwa chini: mwanafunzi hakubaki chuoni kwa kuwa alipita katika masomo mengi yenye taa, bali alipita katika masomo mengi yenye taa kwa kuwa alibaki chuoni.

Mwaka 2021 lilizuka jambo zito zaidi. Chombo cha habari The Markup kiliripoti kwamba baadhi ya vyuo vikuu vya serikali vilitumia programu zilizohesabu rangi ya mwanafunzi kuwa mojawapo ya dalili za hatari, na kwamba wanafunzi Weusi walipewa alama ya hatari kubwa mara nyingi zaidi kuliko wenzao Weupe. Hofu ya wengi ilikuwa kwamba mshauri akiiona alama hiyo atamshauri kijana aache hisabati na sayansi, badala ya kumtafutia msaada.

Georgia State University ya Atlanta ilipoanza mwaka 2012 kufuatilia dalili zipatazo 800 kwa kila mwanafunzi, haikununua kompyuta peke yake, bali iliajiri pia washauri wapya zaidi ya 40. Onyo lisilo na mtu wa kulipokea na kupiga simu halimsaidii mwanafunzi.

Aliyesoma Afrika Mashariki

Kuna hatari ambazo vipimo vya Marekani havikutengenezwa kuziona. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2023 nchini Tanzania, takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya wanne ndiye aliyefaulu Hisabati. Kwa hiyo wapo wanaofika na upungufu wa kweli. Lakini wapo pia wanaojua, wasiyatambue wanayoyajua. Aliyefundishwa Mombasa au Arusha neno "gradient" hukuta "slope". "Indices" zimekuwa "exponents", na "surds" zimekuwa "radicals". Aliyesoma Bukavu au Goma kwa Kifaransa amezoea kuandika tatu na nusu kwa mkato, 3,5, na hukuta nukta, 3.5. Aliyekatazwa kikokotoo miaka yote hukuta mtihani unaodhani kwamba kila mtu anacho. Anayepata alama ya chini katika jaribio la kwanza kwa sababu hizi anahitaji siku chache za kuzoea na karatasi ya msamiati. Kumrudisha darasa la chini ni kumpotezea mwaka.

Hatari nyingine ni upweke. Katika miaka ya 1970, Uri Treisman wa chuo kikuu cha California mjini Berkeley aliwafuatilia wanafunzi 20 Weusi na 20 wenye asili ya Kichina waliokuwa wakisoma kalkulasi. Walimu walidhani kwamba wanafunzi Weusi walianguka kwa kukosa bidii au kwa hali ya familia zao. Treisman alikuta kwamba walifanya kazi kwa bidii, lakini kila mmoja peke yake. Wachina walikutana jioni, wakakosoana na kuulizana, hivyo kila mmoja alijua mapema mahali alipokosea. Treisman hakuanzisha darasa la wanyonge. Aliwakutanisha wanafunzi katika vikundi na kuwapa maswali magumu zaidi, na matokeo yao yakapanda.

Dalili za wiki nne za mwanzo

Kwa kuyajumlisha hayo, mwanafunzi, mzazi au mshauri anaweza kuangalia dalili zifuatazo bila kompyuta yoyote. Amekosa kuwasilisha mazoezi mawili au zaidi. Anaelewa mhadhiri anapotatua swali ubaoni, lakini akikaa peke yake na karatasi tupu hawezi kuanza. Hukwama katika sehemu, alama hasi na milinganyo, na si katika mada mpya. Hajawahi kwenda kumwona mhadhiri katika saa za kupokea wanafunzi, wala hajafika katika kituo cha msaada wa hisabati, ambacho vyuo vyote hivi vinacho na hakina malipo ya ziada. Hawezi kumtaja mwanafunzi mmoja anayesoma naye.

Alama nzuri za majaribio ya kila wiki zisimdanganye mtu. Utafiti mwingine wa Louisville, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba maswali ya mada moja yakitawanywa katika majaribio ya wiki mbalimbali, wanafunzi hupata alama ndogo wakati huo lakini hukumbuka zaidi baadaye. Yakirundikwa pamoja, alama hupanda na ujuzi hupotea upesi.

Tarehe, fedha na visa

Kutambua mapema kuna faida pale tu ambapo bado pana njia ya kutokea. Kila chuo kina tarehe tatu: ya kubadilisha darasa, ambayo huwa katika wiki ya kwanza au ya pili, ya kuacha somo bila alama yoyote kuandikwa, na ya mwisho ya kujiondoa kwa W. Baada ya hiyo ya tatu, kinachobaki ni mtihani.

Anayepata ruzuku au mkopo wa serikali kuu sharti aonyeshe maendeleo. Vyuo vingi hudai wastani usiopungua 2.0 na kufaulu takriban asilimia 67 ya krediti alizojiandikisha, na W huhesabiwa kuwa krediti iliyojaribiwa na isiyofaulu. Inaruhusiwa mara moja moja, lakini zikikusanyika fedha hukatwa.

Mwenye visa ya mwanafunzi ya F-1 ana sharti zito zaidi. Shahada ya kwanza humtaka awe na krediti zisizopungua 12 kwa muhula. Akiacha hisabati na kushuka chini ya hapo bila idhini, huwa amevunja masharti ya kukaa nchini. Sheria humruhusu ofisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wa kigeni kumpa idhini ya kupunguza masomo hadi nusu ikiwa alipangiwa darasa lisilomfaa, au ana ugumu wa mwanzo wa Kiingereza au wa mbinu za ufundishaji wa Kimarekani. Lakini idhini hutolewa kabla ya kuacha somo, na kwa sababu hizo hutolewa mara moja tu katika ngazi moja ya masomo.

Familia ifanye nini?

Wazazi wengi wa Afrika Mashariki husubiri ripoti ya shule. Chuoni haiji. Sheria ya mwaka 1974 ya faragha ya rekodi za wanafunzi huipa haki hiyo mikono ya mwanafunzi mwenyewe, na chuo hakilazimiki kumweleza mzazi hata kama ndiye anayelipa ada. Kijana naye, akijua kwamba ukoo mzima unamsubiri awe mhandisi, hunyamaza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini aghalabu huyaficha kwa sababu anajua swali atakaloulizwa ni moja tu, kwamba amefaulu au hakufaulu.

Katika wiki ya tatu ya muhula yapo maswali yenye manufaa zaidi, na hayamwaibishi mtu. Unasoma hisabati na nani? Umekwenda kituo cha msaada siku gani? Na tarehe ya mwisho ya kujiondoa ni lini? Kijana anayeweza kuyajibu yote matatu huenda bado akapata taabu, lakini amekwisha kuonekana, na anao muda wa kusaidiwa.